Mekatilili wa Menza: Mlinzi wa Kaya

Utangulizi

Mto Sabaki umeingia katika taaluma ya Kiswahili kwa njia ya isimu. Wanaisimu wamelitumia jina lake kulitaja kundi la lugha ndugu za Kibantu ambalo ndani yake mna Kiswahili, Kimijikenda, Kipokomo, Kikomoro na Kielwana, lugha ya watu waishio kandokando ya mto Tana katika maeneo yanayopakana na Garissa. Mwanafunzi hulikariri jina hilo darasani, aghalabu bila kujua kwamba mto huohuo ulikuwa kiini cha mgogoro mkubwa wa ardhi. Mwaka wa 1914 serikali ya kikoloni ya Kiingereza iliwaamuru Wagiriama walioishi kaskazini ya Sabaki wauvuke kwenda kusini, waache nyuma mashamba, malisho na makaburi ya wazee wao.

Katika upinzani dhidi ya amri hiyo na nyingine zilizoitangulia, jina lililovuma kuliko yote ni la mwanamke mjane, asiye na cheo wala silaha: Mekatilili wa Menza. Vitabu vya historia humtaja kama shujaa wa kupinga kodi na kazi za lazima. Sifa hiyo anastahili. Hata hivyo, kuna upande mwingine wa maisha yake ambao hutajwa kwa nadra. Kitovu cha mapambano yake kilikuwa msitu, nao ni Kaya Fungo, kaya kuu ya Wagiriama. Makala haya yanayasimulia maisha yake kwa kuufuata upande huo.

Kaya na asili yake

Katika Kiswahili sanifu, neno kaya humaanisha watu wa nyumba moja, na ndivyo linavyotumika katika sensa. Kwa Wamijikenda, neno hilo lina uzito zaidi. Kaya ni makao ya kale yaliyojengwa katikati ya msitu mnene, aghalabu juu ya kilima, yakizungukwa na miti mikubwa iliyokuwa ngome na kificho.

Masimulizi ya Wamijikenda husema kwamba mababu zao walitoka Shungwaya, nchi iliyokuwa kaskazini ya mto Tana, katika eneo la mpaka wa sasa wa Kenya na Somalia. Wanahistoria wamebishana kwa miaka mingi kuhusu masimulizi hayo, lakini Wamijikenda wenyewe wameyashikilia. Kwa mujibu wa mapokeo hayo, mashambulizi ya Waoromo yaliwasukuma kusini, wakapita katika nchi ambayo leo ni ya Kaskazini Mashariki na bonde la Tana, hadi wakafika katika vilima vya nyuma ya pwani. Walibeba fingo, yaani kago la ukoo, wakalifukia ardhini katikati ya kila makao mapya. Kwa hivyo, kwa msomaji wa Garissa, kisa cha kaya hakianzii mbali. Kinaanzia upande wake wa nchi.

Kufikia mwisho wa karne ya 19, watu wengi walikuwa wamekwisha kutoka ndani ya kaya na kutawanyika kutafuta mashamba na malisho. Wagiriama hasa walisonga kaskazini hadi wakauvuka Sabaki. Kaya haikuachwa ukiwa kwa sababu hiyo. Iliendelea kuwa mahali pa kuzikia wazee wakuu, kuombea mvua, kuamua kesi na kula viapo. Masharti yake yalikuwa makali: mti haukukatwa, mifugo haikulishwa humo, wala mtu hakuingia ila kwa njia iliyokubaliwa na kwa idhini ya wazee. Aliyevunja mwiko alitozwa kuku au mbuzi wa kutakasia mahali, na zaidi ya faini hiyo aliogopa ghadhabu ya mizimu. Hakukuwa na askari wa misitu wala ua wa waya, bali kambi, yaani baraza la wazee, na ndani ya kambi hiyo watu wachache wa vaya waliokabidhiwa viapo vizito kuliko vyote.

Kuzaliwa na malezi

Mekatilili alizaliwa katika karne ya 19, miongo kadhaa kabla ya Waingereza kuitangaza nchi kuwa himaya yao mwaka wa 1895. Jina lake la utotoni lilikuwa Mnyazi, binti wa Menza. Kama ilivyo desturi ya Wagiriama na ya Waswahili pia, alipopata mtoto aliitwa kwa jina la mtoto huyo. Mekatilili maana yake ni mama yake Katilili. Jina ambalo dunia inamkumbuka kwalo, basi, ni jina la uzazi.

Masimulizi ya jamii yanaeleza kuwa akiwa msichana alimshuhudia kaka yake Mwarandu akitekwa na wafanyabiashara ya watumwa katika soko la Gotani, asionekane tena. Kisa hicho hutajwa kila maisha yake yanaposimuliwa, na si vigumu kuona sababu. Alipokuja mtawala mpya akidai vijana wapelekwe kufanya kazi mbali na kwao, Mekatilili alikuwa na kumbukumbu ya kijana aliyepelekwa mbali asirudi. Aidha, alikulia katika jamii iliyozoea kusikiliza wanawake wenye kipawa cha kuona mbele. Mepoho, nabii wa kike aliyemtangulia, alikumbukwa kuwa alitabiri ujio wa wageni ambao wangeiharibu nchi na mila.

Kwa kuwa alikuwa mjane, Mekatilili alikuwa na uhuru wa kusafiri na kusema ambao mwanamke mwenye mume angeupata kwa shida. Zaidi ya hayo, alijaliwa ulimi. Wote waliomwandika, wakiwemo maofisa waliomchukia, wamekubali kwamba alipozungumza watu walimfuata.

Amri za serikali

Mwaka wa 1912 serikali iliamua kuwatawala Wagiriama kwa karibu. Ofisa kijana, Arthur Champion, alipelekwa kwao akiwa na jukumu la kukusanya kodi ya nyumba na kupata vibarua kwa ajili ya mashamba makubwa ya pwani na kazi za serikali. Juu yake alikuwapo Charles Hobley, mkuu wa mkoa. Wagiriama walikuwa wakulima wa mahindi waliojitosheleza na hata kuwa na ziada ya kuuza. Hawakuona sababu ya kuacha mashamba yao kwenda kulima ya mtu mwingine kwa ujira mdogo. Pia walikuwa wafanyabiashara wa pembe za ndovu, na biashara hiyo serikali iliipiga marufuku.

Champion aliteua wazee na kuwalipa ili wawe midomo ya serikali. Hapa ndipo mgogoro ulipoigusa kaya. Katika mila, mzee hupata sauti kwa kupanda daraja moja baada ya jingine na kwa kukubaliwa na kambi. Sasa sauti ilitolewa na ofisa. Iwapo mzee wa kulipwa ndiye mwenye neno la mwisho, viapo vya kaya vina kazi gani tena? Na iwapo viapo vimekosa kazi, nani ataulinda msitu?

Mekatilili aliitambua hatari hiyo mapema. Alizunguka vijijini akicheza kifudu, ngoma ya matanga, ambayo iliwavuta watu wengi bila kuwashtua wakubwa. Ngoma ilipokolea, aliwahutubia. Alisema kuhusu vijana wanaochukuliwa, wazee waliouza heshima yao na ardhi inayonyemelewa. Masimulizi maarufu yanaeleza kwamba katika mkutano mmoja na Champion alileta kuku mwenye vifaranga, akamtaka ofisa huyo amchukue kifaranga mmoja. Champion aliponyosha mkono, mama kuku alimdonoa. Waliokuwapo walielewa fumbo hilo bila kuelezwa: mama hatoi watoto wake kwa hiari, hata akiwa mdogo na dhaifu.

Kiapo cha Kaya Fungo

Katikati ya mwaka wa 1913, Mekatilili pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola waliwaita watu Kaya Fungo. Umati mkubwa ulikusanyika, wanaume kwa wanawake. Hapo viliapwa viapo viwili. Wanawake walikula kiapo cha mukushekushe, na wanaume wakala kiapo cha fisi, kilichoogopwa kuliko vyote. Walioapa walijifunga kutotoa vibarua, kutolipa kodi na kutoshirikiana na serikali. Aliyekiuka aliaminiwa kwamba angekufa.

Kuchaguliwa kwa Kaya Fungo hakukuwa jambo la bahati. Mkutano ungeweza kufanywa chini ya mwembe wowote, lakini kiapo kilihitaji mahali penye mamlaka yake penyewe. Mekatilili aliwarudisha watu waliokuwa wametawanyika kwa miongo mingi hadi katika msitu uliowaunganisha. Alitaka pia kaya irejeshewe hadhi yake, na wazee wa kweli wakalie nafasi zao. Kwa ufupi, alipigania utaratibu wa kimila uliowezesha watu kuishi pamoja na msitu kuendelea kuwapo, kwa kuwa mambo hayo mawili hayakutenganishwa.

Matokeo yalionekana mara moja. Vibarua hawakupatikana, kodi haikuingia, na wazee wa serikali walikaa majumbani kwa hofu. Champion alijikuta akiamuru bila ya mtu wa kumtii.

Uhamisho na baruti

Mekatilili na Wanje walikamatwa Oktoba 1913 wakahamishiwa magharibi mwa nchi, mamia ya kilomita kutoka kwao. Serikali iliamini kwamba umbali ungewanyamazisha. Mwanzoni mwa 1914 walitoroka. Walitembea kwa miguu kuikata nchi, wakipita kwa watu wasiowajua na katika nyika zenye wanyama wakali, wakafika Giriama. Safari hiyo, iliyofanywa na mwanamke ambaye umri wake ulikuwa umesonga, imekuwa sehemu ya kisa chake inayopendwa zaidi na watoto wa shule.

Aliyoyakuta nyumbani yalikuwa mabaya zaidi. Serikali ilikuwa imeamua kuifunga kaya, na kuwaondoa Wagiriama kaskazini ya Sabaki. Kisha, Agosti 1914, wakati uleule Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokuwa vikizuka Ulaya, maofisa walipeleka baruti Kaya Fungo. Walilipua na kuchoma. Nyumba, malango na miti ya kaya iliharibiwa mbele ya watu walioamini kwamba mahali hapo hapaguswi.

Kitendo hicho kilikusudiwa kuvunja kiapo kwa kuvunja mahali kilipoapiwa. Serikali ilidhani imebomoa ngome ya waasi. Kwa Wagiriama, lilikuwa kaburi la wazee wao, mahakama yao na mahali pao pa ibada vilivyolipuliwa kwa pamoja. Ghadhabu ilienea, vita vikazuka. Wapiganaji wenye mishale walikabiliana na askari wenye bunduki wa jeshi la King's African Rifles. Mapigano yalidumu kwa majuma machache tu. Vijiji vilitiwa moto, mbuzi wakatwaliwa kwa maelfu, watu wengi wakauawa. Mekatilili na Wanje walikamatwa tena na kuhamishwa kwa mara ya pili. Wagiriama walitozwa faini ya rupia 100,000, wakatakiwa kutoa vijana kwa ajili ya kubeba mizigo ya jeshi katika vita dhidi ya Wajerumani, na wakaamriwa kuhama kaskazini ya mto.

Ushindi huo wa serikali ulikuwa na doa. Watu waliosukumwa kusini walikutana na ardhi iliyochoka, na njaa ikafuata. Ardhi ya kaskazini iliyoachwa wazi haikuleta faida iliyotarajiwa. Kabla ya muongo huo kwisha, serikali ililegeza kamba, Wagiriama wakaruhusiwa kurudi ng'ambo ya Sabaki.

Kurejea kayani

Mwaka wa 1919 Mekatilili na Wanje waliruhusiwa kurudi nyumbani. Maofisa walikuwa wamekiri, kwa vitendo kama si kwa maneno, kwamba Wagiriama hawangetawalika bila kaya. Wazee walirejea katika Kaya Fungo iliyolipuliwa. Wanje alipewa kuongoza baraza la wanaume, naye Mekatilili akaongoza baraza la wanawake. Wale waliohamishwa kama wahalifu walikuwa sasa ndio wenye mamlaka mahali palepale palipovunjwa kwa sababu yao.

Mekatilili hakupata uhuru wa nchi, wala hakuona mwisho wa kodi. Aliishi miaka michache tu baada ya kurudi. Alifariki mwaka wa 1924 na kuzikwa Bungale, katika eneo la Magarini. Bungale iko kaskazini ya Sabaki. Mwili wake umelala katika ardhi ambayo serikali ilitaka kuwanyang'anya watu wake.

Urithi wake

Ni kosa la kitaaluma kumvika mtu wa kale nguo za leo. Mekatilili hakuwa mwanamazingira kwa maana ya sasa. Hakuhesabu aina za mimea wala kuzungumzia hali ya hewa. Alichokilinda ni mamlaka ya watu juu ya mahali pao. Hata hivyo, msitu ulisimama kwa nguvu ya mamlaka hayohayo. Palipobaki viapo na wazee wa kaya, palibaki miti. Viapo vilipodharauliwa na wazee wakakosa warithi, shoka liliingia. Baada ya uhuru, kaya kadhaa zilimegwa kwa ajili ya mashamba, machimbo na hoteli za kitalii. Msitu wa namna hiyo ukishafyekwa wote haurudishwi kwa kampeni ya kupanda miche. Mimea mingine ya misitu ya pwani haipatikani kwingineko duniani, na miti ya kaya imekua kwa karne nyingi.

Kuanzia 1992, kaya zilianza kutangazwa kisheria kuwa turathi za taifa, na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya yakaunda kitengo cha kushirikiana na wazee kuzitunza. Mwaka wa 2008 UNESCO iliiingiza misitu kadhaa ya kaya katika orodha ya urithi wa dunia. Mwaka uliofuata, mila za kaya zenyewe ziliwekwa katika orodha ya urithi usioshikika unaohitaji kuokolewa kwa haraka. Uamuzi huo wa pili una fundisho kubwa kuliko wa kwanza, kwa maana unakiri kwamba mlinzi yumo hatarini kama kinacholindwa. Katika kaunti ya Kilifi, wazee wengi wameuawa kwa tuhuma za uchawi, mara nyingi nyuma yake pakiwa na ugomvi wa ardhi. Kila mzee anayeuawa huondoka na ujuzi wa njia, majina ya miti na masharti ya mahali.

Magarini, nchi ya kaburi la Mekatilili, nayo imejaribiwa. Huko uko msitu wa Dakatcha, mojawapo ya makazi machache sana duniani ya mnana wa Clarke, ndege ambaye viota vyake viligunduliwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 2013 katika vinamasi vya humo. Miaka michache kabla ya ugunduzi huo, ulipendekezwa mradi wa kufyeka maelfu ya hekta ili kupanda mibono ya kutengenezea mafuta. Wenyeji wengi, wakishirikiana na watetezi wa mazingira, waliupinga, na mradi haukuendelea. Lau ungetekelezwa, eneo hilo lingefyekwa kabla haijajulikana kwamba ndege huyo huzalia humo.

Hitimisho

Kisa cha Mekatilili kina mwangwi ng'ambo ya Tana. Katika kaunti ya Garissa uko msitu wa Boni, uliotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka wa 1976. Mwaka uliofuata uwindaji ulipigwa marufuku nchini, na Waaweer, watu wa msitu huo tangu jadi, wakawa wakosaji katika nchi yao wenyewe. Tangu 2015, operesheni za kiusalama zimewazuia pia wasiufikie msitu uliowapa asali, dawa na matunda. Kwa upande mwingine, katika eneo la Ijara wafugaji Wasomali waliamua kumlinda hirola, swala aliye katika hatari ya kutoweka duniani. Walitenga sehemu ya malisho yao, na mwaka wa 2012 uzio wa kumhifadhi mnyama huyo ukakamilishwa katika ardhi ya jamii ya Ishaqbini. Mifano hiyo miwili inaonyesha njia mbili zilezile zilizokuwa mbele ya serikali ya 1914: kuulinda msitu kwa kumwondoa mwenyeji wake, au kuulinda kwa kumpa mwenyeji neno.

Serikali ile ilichagua njia ya kwanza na kutumia baruti. Miaka mitano baadaye ililazimika kumrudishia mwanamke mzee kiti katika msitu ilioulipua. Kaya Fungo ipo hadi leo, imefunikwa na miti, na wazee bado huiingia kwa njia ileile ya kale.